Faili Lisilosomwa na Mtu

Katika chumba cha habari kuna somo moja ambalo hatukufundishwa chuo kikuu. Mkataba ukiletwa mezani, usianze na ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza umeandikwa ili usomwe: una nembo, una tarehe, una maneno matamu kuhusu ushirikiano na maendeleo. Anza na viambatisho. Huko nyuma kabisa, kwenye majedwali yenye maandishi madogo, ndiko zinakokaa asilimia, misamaha ya kodi, na kale kasentensi kanakosema kifungu fulani hakitatumika iwapo mambo fulani yatatokea. Mara nyingi habari yenyewe imelala huko.

Leo nataka kuzungumzia kiambatisho cha aina nyingine. Karibu kila programu kubwa ya kompyuta unayoitumia, iwe ya kuchapia barua ofisini au ile inayoendesha seva ya benki yako, ina mafaili ya aina mbili. Kuna mafaili ya msimbo, yaani maagizo yenyewe yaliyoandikwa na wanaprogramu. Hayo ndiyo yanayojadiliwa, kusifiwa na kukosolewa. Halafu kuna mafaili mengine, yenye majina kama Makefile, configure au CMakeLists.txt, ambayo kazi yake ni kuiambia kompaila namna ya kuugeuza msimbo ule uwe programu inayofanya kazi. Tuyaite mafaili ya mipangilio.

Hoja yangu ni fupi. Maamuzi mengi makubwa yamo ndani ya mafaili haya ya pili, na historia yake ni historia ya watu kuacha kuyasoma, kidogo kidogo, kila mmoja kwa sababu nzuri kabisa, mpaka mwaka 2024 dunia ikaponea chupuchupu. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Ni ripota anayependa karatasi ambazo wenzake wanaziruka. Kwa hiyo twende pole pole, tutaelewana tu.

Kwanza, kompaila ni nini? Kompyuta haielewi Kiingereza wala Kiswahili. Inaelewa namba tu. Miaka ya mwanzo watu waliandika namba hizo kwa mkono, kazi ya kuumiza macho na kichwa. Mwaka 1952 mama mmoja Mmarekani, Grace Hopper, alitengeneza mfumo ulioitwa A-0, ambao wengi wanauhesabu kuwa kompaila ya kwanza. Mwaka 1957 kampuni ya IBM, kwa kazi iliyoongozwa na John Backus, ikatoa FORTRAN. Tangu hapo mwanaprogramu aliweza kuandika maagizo kwa lugha inayokaribia hesabu za shuleni, na kompaila ikayafasiri kuwa namba za mashine.

Lakini mfasiri yeyote ana maswali. Muulize anayetafsiri nyaraka mahakamani: nitafsiri neno kwa neno au maana? Niweke maelezo pembeni? Nikikuta sentensi yenye utata, nikuulize au niendelee tu? Kompaila nayo ina maswali hayo hayo, na majibu yake hutolewa kwa swichi. Ukiipa kompaila ya GCC swichi ya -O2, unaiambia ipange upya maagizo ili programu ikimbie haraka. Ukiipa -g, unaiambia iache alama zitakazosaidia kutafuta kosa baadaye. Ukiipa -Wall, unaiambia ikuonye ikiona jambo la kutia shaka, ingawa, pamoja na kwamba jina hilo linadai maonyo yote, si yote yanayotolewa. Ipo pia -DNDEBUG, ambayo katika programu za C huondoa kabisa ule ukaguzi wa ndani uitwao assert, ambao mwandishi aliuweka ili programu isimame pale mambo yanapokwenda kombo.

Umeona? Msimbo ni ule ule. Swichi zikibadilika, programu nayo inabadilika. Inaweza kuwa na breki au isiwe nazo. Na swichi hizo hazikai kwenye msimbo unaosomwa na kila mtu. Zinakaa kwenye kiambatisho.

Sasa historia yenyewe. Miaka ya 1970, kwenye maabara za Bell Labs kule New Jersey, Marekani, kikundi kidogo cha watafiti kilikuwa kinajenga mfumo wa Unix na lugha ya C. Programu zao zilikuwa zimegawanyika katika mafaili mengi. Ukibadilisha faili moja, ilibidi ukumbuke kulipitisha upya kwenye kompaila, pamoja na mengine yote yanayolitegemea. Ukisahau moja tu, programu inatoka na kipande cha zamani ndani yake. Siku moja Steve Johnson, mtaalamu aliyetengeneza Yacc, aliingia ofisini kwa Stuart Feldman huku akilaani. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo haikuwa na kosa. Kosa alikwisha kulirekebisha, ila faili lile halikuwa limepitishwa upya kwenye kompaila. Feldman mwenyewe jioni iliyotangulia alikuwa amehangaika na balaa la aina hiyo hiyo.

Kutokana na kilio hicho ikazaliwa Make, mwaka 1976. Wazo lake ni rahisi mno. Unaandika faili moja, Makefile, lenye orodha: kitu hiki kinatokana na vitu hivi, na agizo la kukitengeneza ni hili. Make inaangalia saa ambayo kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Kama malighafi ni mpya kuliko bidhaa, inatengeneza bidhaa upya. Kama sivyo, inaacha. Kumbukumbu ikahama kutoka kichwani mwa mtu ikaingia kwenye karatasi. Kazi hiyo ilikuja kumpatia Feldman tuzo ya programu ya chama cha ACM mwaka 2003.

Ipo kioja kimoja hapo ambacho kila anayejifunza Make hukutana nacho. Katika Makefile, mstari wa agizo lazima uanze na kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi nane za kawaida, kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote, lakini Make itagoma. Kwa Kiswahili ukiongeza herufi moja tu kwenye Tab unapata tabu, na tabu yenyewe ndiyo hiyo. Feldman alikuja kueleza kwamba kasoro hiyo aliitambua mapema, lakini ndani ya wiki chache tu alikuwa na watumiaji wapatao kumi na mbili, akaona asiwavurugie kazi. Watu kumi na wawili! Leo, karibu nusu karne baadaye, mamilioni ya watu bado wanaishi na uamuzi uliofanywa kwa ajili ya watu wa kujaza daladala nusu.

Hata hivyo, ile ilikuwa enzi njema. Makefile ya kwanza mtu aliweza kuisoma yote kabla chai haijapoa.

Kilichoharibu mambo ni mafanikio. Miaka ya 1980 kila kampuni ya kompyuta ilitaka Unix yake. Sun walikuwa na SunOS, HP wakawa na HP-UX, IBM wakawa na AIX, na kila moja ilitofautiana na mwenzake kwa vijambo vidogo vya kuudhi. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kutengeneza programu huru kwa wote, na mwaka 1987 ikatoka kompaila yake, GCC. Programu za GNU zilitakiwa zifanye kazi kwenye mashine zote hizo. Njia ya mwanzo ilikuwa kumwambia mtumiaji: fungua Makefile, soma maelezo, chagua swichi zinazofaa mashine yako.

Kufikia Juni 1991, mtunzaji wa programu nyingi za GNU, David MacKenzie, aliona swichi za kuchagua zimefika kama 20, na kila mtumiaji alipaswa kuzijua. Nani ana muda huo? Akaandika kijiprogramu cha kubahatisha majibu kwa niaba ya mtumiaji. Kikakua, kikaitwa Autoconf. Ndicho kilichotuletea ule utaratibu ambao kila aliyewahi kucheza na Linux anaujua kama dua: unaandika configure, halafu make, halafu make install.

Namna configure inavyofanya kazi inafaa uielewe vizuri, kwa sababu tutaihitaji mbele. Tuseme programu inataka kujua kama mashine yako ina huduma fulani. Configure haimuulizi mtu. Inaandika kijiprogramu cha mistari michache kinachoitumia huduma hiyo, inakipeleka kwa kompaila, inasubiri. Kompaila ikikubali, configure inaandika: ipo. Kompaila ikikataa, inaandika: haipo. Basi. Haiulizi kwa nini imekataa. Ni kama mgambo anayegonga mlango mara moja, asipojibiwa anaandika kwenye daftari kwamba nyumba hii haina watu.

Ulikuwa ubunifu mkubwa, na uliwasaidia watu wengi sana. Lakini tazama kilichotokea. Mtumiaji aliacha kusoma Makefile, kwa sababu sasa Makefile inaandikwa na configure. Mwanaprogramu naye hakuandika configure kwa mkono. Aliandika faili fupi kwa lugha ya m4, lugha ya mwaka 1977 ambayo wachache waliielewa vizuri, na Autoconf ikalipanua kuwa configure yenye maelfu ya mistari. Faili linaloandikwa na mashine ili lisomwe na mashine. Jambo la ajabu ni kwamba lilikuwa wazi kwa mtu yeyote, na hakuna aliyelisoma. Ni kama ile hati ya kurasa 600 inayowekwa mezani saa moja kabla ya kikao. Imetolewa, ndiyo. Imesomwa na nani?

Wapo waliojaribu kurahisisha. Mwaka 2000 kampuni ya Kitware ya Marekani ilianza kujenga CMake, kwa ajili ya programu ya kuchambua picha za kitabibu iliyofadhiliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo. CMake ilienea sana, mpaka mradi wa KDE ukaichukua kwa toleo lake la 4. Lugha ikawa nafuu, lakini tabia ya watu haikubadilika: unanakili CMakeLists.txt ya mradi mwingine, ikikubali kufanya kazi unaiacha, na Mungu akipenda hutaifungua tena.

Sasa mtu atauliza, kuna hasara gani? Si inafanya kazi? Nitatoa mifano mitatu, mmoja wa mlinzi, mmoja wa lugha yetu, na mmoja wa mwizi.

Wa mlinzi ni huu. Mwaka 2009 katika kiini cha Linux, toleo la 2.6.30, kuliwa na kasoro kwenye sehemu inayohusika na mitandao. Msimbo ulichukua kitu kutoka kwenye anwani fulani, halafu mstari uliofuata ndio ukauliza kama anwani hiyo ni tupu. Ni kama mtu anayeingia chumbani, anakaa kitini, kisha ndipo anauliza kama mlango ulifunguliwa. Mpangilio mbaya, lakini angalau swali lilikuwepo. Kompaila, kwa swichi za kuharakisha, ikafikiri hivi: huyu amekwisha ingia, kwa hiyo mlango lazima ulikuwa wazi, kwa hiyo swali hili halina kazi. Ikalifuta. Kwa sheria za lugha ya C, kompaila ilikuwa na haki. Lakini mtafiti mmoja wa usalama, Brad Spengler, alionyesha hadharani kwamba kwa kupitia tundu hilo mtumiaji wa kawaida angeweza kujipandisha cheo akawa mtawala wa mashine nzima.

Sasa sikiliza. Ukisoma msimbo wenyewe, unauona ukaguzi upo, kwa macho yako. Programu iliyotoka haikuwa nao. Msimbo ulirekebishwa, na pia katika Makefile ya kiini cha Linux ikaongezwa swichi moja, -fno-delete-null-pointer-checks, inayoiambia kompaila: maswali ya namna hii usiyafute, hata ukiona hayana maana. Mstari mmoja tu katika kiambatisho. Anayeupitia leo bila kujua historia anaweza kudhani ni uchafu uliosahaulika, akaufuta ili kusafisha.

Mfano wa pili unatuhusu sisi. Desemba 2004, kupitia mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Watu walikaa na kutafuta maneno ya kila kitufe na kila onyo. Kazi hiyo ya kutafsiri huonekana na kusifiwa, na inastahili. Lakini tafsiri haiingii kwenye programu kwa kuwa nzuri. Inaingia kwa sababu mtu ameiorodhesha. Katika programu nyingi huru zinazotumia mfumo wa GNU gettext, ndani ya folda ya tafsiri kuna faili liitwalo LINGUAS, lenye vifupisho vya lugha: de kwa Kijerumani, fr kwa Kifaransa, sw kwa Kiswahili. Zamani orodha hiyo ilikaa ndani ya faili la configure lenyewe, kwa jina la ALL_LINGUAS. LibreOffice nayo, ambayo ni mzao wa OpenOffice, inapojengwa hupewa swichi ya --with-lang yenye orodha ya lugha zinazotakiwa.

Maana yake nini? Unaweza kuwa na tafsiri ya maneno elfu tano, imehaririwa, imekamilika. Kama herufi mbili, sw, hazimo kwenye orodha, programu inajengwa bila Kiswahili. Hakuna onyo linalotolewa. Hakuna aliyekataa lugha yako. Hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana nasema anayetaka lugha yetu iwe kwenye kompyuta asijue kamusi tu, ajue na faili gani la kufungua. Heshima ya lugha wakati mwingine ni herufi mbili mahali panapotakiwa.

Mfano wa tatu ndio ulionifanya niandike makala haya. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili. Iko karibu kila mahali penye Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, kama kazi ya kujitolea isiyo na mshahara. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho mazuri tu. Mwaka 2022 yakatokea majina mengine mtandaoni yakimsakama Collin kwamba anachelewa, apokee msaidizi. Jia Tan akaaminiwa, akapewa funguo, akawa anatoa matoleo. Nani alikuwa nyuma ya jina hilo haijathibitishwa hadharani.

Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi likafuata la 5.6.1. Ndani yake kulikuwa na mlango wa siri. Uliwekwa wapi? Haukuwekwa kwenye msimbo unaosomwa. Sehemu kubwa ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo kwa asili yake ni mkusanyiko wa data zisizosomeka. Ufunguo wa kuitoa humo ulikuwa kwenye faili la mipangilio, build-to-host.m4. Ndiyo, m4 ile ile ya 1977. Tena faili hilo lenye sumu halikuwepo kwenye hazina ya wazi ambako wanaprogramu hupitia mabadiliko. Lilikuwa ndani ya kifurushi cha kupakua tu, ambacho kwa desturi huwa na mafaili ya ziada yaliyoandikwa na mashine. Desturi hiyo ndiyo iliyompa mwizi kivuli. Configure ilipoendeshwa, faili hilo lilikagua kwanza: je, hii ni Linux ya aina fulani? Je, kompaila ni GCC? Je, kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM? Kama ndiyo, sumu inapenyezwa. Kama siyo, inanyamaza.

Lengo lilikuwa huduma ya SSH, ambayo wasimamizi wa seva duniani kote huitumia kuingia kwenye mashine zao kutoka mbali. Mwenye ufunguo wa siri angeweza kuendesha maagizo yake kwenye seva isiyo yake.

Na ile nukta? Ngoja nikuambie. Katika CMakeLists.txt ya xz, Februari hiyo hiyo, ndani ya kile kijiprogramu cha kupima kama mashine ina Landlock, huduma ya usalama ya Linux ya kuifungia programu isitoke nje ya mipaka yake, ilipenyezwa nukta moja. Nukta! Kwa nukta hiyo kijiprogramu kikawa na kosa la kisarufi, kompaila ikawa inakikataa kila mara, na mpimaji akawa anaandika: Landlock haipo. Unamkumbuka yule mgambo anayegonga mlango mara moja? Mwizi alimfahamu vizuri. Hakuhitaji kuvunja kufuli. Alihakikisha tu kwamba hodi haisikiki.

Aliyegundua mlango wa siri hakuwa mkaguzi wala chombo cha usalama cha nchi yoyote. Alikuwa Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata ya PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, aliyeona kwamba kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia mpaka chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo yale yalikuwa yameingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian, Fedora na mengine, lakini hayakuwa yamefika kwenye matoleo makuu ambayo seva nyingi hutumia. Tuliokoka kwa sababu mtu mmoja hakukubali kupoteza nusu sekunde bila maelezo.

Wapo watakaosema hata kusoma hakutoshi, na wana hoja. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa mababa wa Unix, alichapisha mhadhara wake wa tuzo ya Turing akionyesha kwamba kompaila yenyewe inaweza kufundishwa uovu, kisha ushahidi ukafutwa kwenye msimbo wake, na uovu ukaendelea kurithiwa. Yaani unaweza kusoma kila kitu na bado ukadanganywa. Ni kweli. Lakini hilo la Thompson lilihitaji ustadi wa hali ya juu. La xz halikupita mahali palipokuwa na ulinzi. Lilipita mahali ambapo kila mtu alijua hakuna anayeangalia. Kwamba mwizi hodari anaweza kuchimba ukuta si sababu ya kuacha mlango wa nyuma bila komeo.

Basi tufanye nini? Kwa wenzangu mnaofanya kazi ya programu, na ninajua mpo wengi mnaosoma hapa, nitasema yale ambayo hata mhariri angeyasema kwa gazeti lake.

Kila swichi iwe na sababu iliyoandikwa pembeni yake. Kiini cha Linux kinatoa mfano mzuri: tangu mwishoni mwa 2002 kinatumia mfumo wa Kconfig, ambamo chaguo linaweza kubeba maelezo yake ya msaada, na ingawa machaguo ni zaidi ya 10,000, anayetaka kujua kitu ana pa kuanzia. Badiliko kwenye Makefile lipitiwe na mtu wa pili kama linavyopitiwa badiliko kwenye msimbo, si kupitishwa kwa macho yaliyofumba kwa sababu ni mambo ya kujenga tu. Configure ikisema huduma haipo, fungua faili la config.log, limeandika kwa nini kompaila ilikataa. Kabla ya kuendesha make kwenye kitu usichokijua, andika make -n, itakuonyesha maagizo itakayoyatoa bila kuyatekeleza. Kifurushi cha kupakua kilinganishwe na hazina ya wazi, na tofauti ielezwe. Tangu 2013 wapo watu wa Debian wanaohangaika ili msimbo ule ule na mipangilio ile ile itoe programu ile ile, herufi kwa herufi, popote inapojengwa. Hao wanastahili kusikika zaidi.

Na usiongeze mstari usiouelewa kwa sababu tu umeuona kwa jirani. Faili fupi linalosomeka ni bora kuliko refu linalofanya kazi kwa miujiza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeenda hatua mbele ya wahenga: daftari tunalo, limejaa, liko wazi mezani, na mali bado inaweza kupotea kwa sababu hakuna anayelifungua. Tangu Feldman mwaka 1976 mpaka leo, kila aliyetupunguzia kazi ya kusoma alikuwa na nia njema. MacKenzie alitaka mtumiaji asisumbuke na swichi 20. Hakuna ubaya. Ila mahali ambapo watu wema wameacha kusoma, panabaki wazi kwa yeyote mwenye subira ya miaka mitatu.

Kwa hiyo ukipata mradi mpya wiki hii, anza na kiambatisho. Nusu saa tu inatosha. Na wewe uliye nje ya fani hii kama mimi, siku ukimwona rafiki yako mwanaprogramu anasoma Makefile huku amekunja uso, usimwambie anapoteza muda. Mnunulie soda.